Kabongo wa Hapa, Kabongo wa Kule

Jumamosi ile, ndugu zangu, nyua mbili za Shituru, mtaa wa mji wetu wa Likasi, zilikuwa zinanukia sombe, yale majani ya muhogo, na mawese, na kama ungepita barabarani ungedhani dunia haina shida hata moja. Mama Madeleine alikuwa anatwanga. Jirani yake Adrienne aliketi kwenye kigoda, anaparua samaki waliotoka ziwani Tshangalele asubuhi hiyo hiyo. Kati ya nyumba zao hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mstari wa mawe tu, aliopanga marehemu Kitenge, mume wa Madeleine, siku alipotaka kulima mboga ya lengalenga. Watoto waliyahamisha mawe yale mara nyingi mpaka hakuna aliyejua tena uwanja wa nani unaanzia wapi.

Kibarazani walikaa vijana wawili na kitabu kimoja. Niseme vizuri: kila mmoja na nusu ya kitabu. Kitabu cha kemia kilikuwa ghali, basi Michée, mwana wa pekee wa Madeleine, alikipasua katikati kwa kisu cha jikoni. Kurasa za mbele akabaki nazo yeye, za nyuma akampa Stéphanie, binti wa Adrienne na mumewe Urbain Kabongo. Mmoja akimaliza nusu yake, wanabadilishana. Ndivyo walivyosoma miaka mitano ya chuo kikuu, na ndivyo wote wawili walivyopata licence, shahada yao.

"Weye Stéphanie," Madeleine alimchokoza huku anatwanga, "utasoma mpaka nywele iwe nyeupe. Bwana atakukuta wapi?"

"Mama Mado, atanikuta hapa hapa. Kama iko na macho ya kuona, atapita."

"Atapita na lunettes ya macho, kama ya kwako!"

Wakacheka wote, hata Adrienne mwenye magamba ya samaki mpaka viwikoni.

Sasa niwaambie jambo moja, na mlishike. Stéphanie na Michée walizaliwa katika wiki moja. Adrienne alipojifungua alishikwa na homa kali, akalazwa siku ishirini hajitambui. Madeleine ndiye aliyemchukua yule mtoto wa kike akamnyonyesha pamoja na wake, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kwa hiyo Stéphanie alipomwita mama, hakuwa anatania.

Mchana ule ule Urbain alirudi kutoka mjini, karatasi mkononi, anatembea mbio kidogo kuliko ilivyomfaa mtu wa magoti mabovu. Alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka thelathini, na sasa miezi ilikuwa inapita bila mshahara. Siku nyingi alikuwa hajaonekana na uso ule wa furaha.

"Batoto, kuya hapa!" aliita. "Serikali inatafuta batu ya kusoma!"

Karatasi ilikuwa tangazo la masomo ambayo baadaye mji mzima uliyaita Prepa. Vijana kumi na wawili wa mkoa wangetayarishwa mwaka mzima, chakula na malazi juu ya Serikali, halafu wapelekwe kwenye shule za juu kabisa, hadi wawe madaktari wa elimu. Masharti yalikuwa manne. La kwanza, uwe na licence yenye alama nzuri. La pili, uwe mtu wa kwanza katika nyumba yenu kuingia chuo kikuu. La tatu, wazazi wako wawe hawana uwezo. (Sharti hilo, katika Likasi ya mwaka wa tisini na mbili, hata mbuzi alilitimiza.) La nne lilikuwa na maneno machache tu: uwe mtoto wa mkoa.

"Voilà," alisema Urbain, anagonga karatasi kwa kidole. "Stéphanie alizaliwa hapa. Kitovu yake iko chini ya ule mupapai. Minye pia nilizaliwa hapa. Mutoto wa mukoa ni nani kama haiko yeye?"

Hakuna aliyembishia. Ila Madeleine alisimamisha mchi hewani kidogo tu, halafu akaendelea kutwanga.

Alisimamisha mchi kwa sababu hakuwa kiziwi. Wakati ule maneno mapya yalikuwa yameingia mjini kupitia redio na mikutano ya uwanjani. Watu walianza kugawanywa: wa hapa, na wa kule. Wa hapa walikuwa wale ambao mababu zao ni wa Katanga. Wa kule walikuwa wale ambao mababu zao walitoka Kasai, walioletwa kwa treni zamani za Wazungu kuja kuchimba shaba na kujenga mji huu ambao sisi wote tunajisifia. Urbain alikuwa wa kule. Huko kule kwenyewe hakuwahi kukanyaga hata siku moja, na lugha yao alijua matusi mawili na wimbo mmoja wa mazishi. Lakini jina lake lilimkinga. Kabongo ni jina la Kasai, na ni jina la Katanga pia, hata kuna mji mzima kaskazini ya mkoa wetu unaoitwa hivyo. Ukikutana na Kabongo njiani, huwezi kujua ni yupi, mpaka uulize.

Vijana wakafanya mtihani mwezi wa saba. Mwezi wa nane majina yakabandikwa kwenye ubao mbele ya ofisi ya tume, kila jina na anwani yake ili wahusika waitwe. Stéphanie alikuwa wa kumi na mbili, wa mwisho katika waliochukuliwa. Chini ya mstari, wa kumi na tatu, kuliandikwa Michée Kitenge, na pembeni yake: wa akiba.

Michée alirudi nyumbani anaimba, amemshika Stéphanie mkono. "Mama, Stéphanie amepita! Minye niko wa akiba, lakini haina neno. Mwaka ujao nitajaribu tena."

"Umekosa alama ngapi?" Madeleine aliuliza.

"Moja."

Alama moja! Madeleine alitabasamu, akamkumbatia binti, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Alikuwa ameuza vitumbua, chumvi, makaa, na nguo za harusi yake ili Michée asome. Mwaka ujao! Nani katika nchi ile alijua kama mwaka ujao kutakuwa na Serikali?

Sasa kila aliyechukuliwa alitakiwa kuwa na shahidi. Mtu mzima mwenye asili ya hapa aende mwenyewe mbele ya karani, aseme anamjua kijana huyu, na kwamba ni mtoto wa mkoa, kisha atie saini. Madeleine alikuwa Musanga, kabila la hapa, kwao ni kando ya ziwa, hakuna ambaye angemuuliza swali. Jioni hiyo hiyo Urbain akavuka mawe, kofia mkononi.

"Mama Michée, sina mwingine wa kumuomba."

"Baba Stéphanie, unaniomba? Nilimunyonyesha minye! Nitasaini na mikono mbili."

Na alimaanisha, ndugu zangu. Nataka mlielewe hilo. Madeleine hakuwa mchawi, hakuwa mtu wa kwenda mikutanoni kurusha ngumi hewani. Alikuwa mama kama mama zenu. Jumanne alivaa kitenge chake kizuri, akatoka nyumbani na nia njema kabisa. Lakini kutoka Shituru hadi mjini ni mwendo, na kichwa kinatembea pia. Kila hatua ilimwambia: alama moja. Alipovuka reli alikuwa bado rafiki wa Adrienne. Alipofika mlangoni kwa karani, sijui tena alikuwa nani.

Karani aliitwa Placide, mwanamume wa tai iliyochakaa, mwenye kalamu za bic mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Hakuwa mkali. Alimpa kiti, akafungua faili.

"Mutahiniwa ni nani, mama?"

"Stéphanie Kabongo."

"Kabongo." Placide aliinua macho. "Kabongo wa hapa, ama Kabongo wa kule?"

Hakuna aliyemtisha. Hakuna aliyemshika mkono. Angesema "wa hapa," na asingekuwa amedanganya, kwani mtoto alizaliwa hapa na baba yake kabla yake. Ee Madeleine! Neno moja tu, useme uende zako ukapike!

"Wa kumi na tatu ni mutoto yangu," alisema kwanza, kwa sauti ndogo.

Placide alimtazama, akangoja.

"Baba yake ni wa kule," akasema Madeleine.

Karani akaweka bic ya buluu mfukoni, akatoa nyekundu. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Aliporudi, Adrienne alikuwa anamngoja penye mawe na sahani iliyofunikwa. Ugali wa bukari wa moto, samaki mwenye mafuta, na pilipili pembeni jinsi Madeleine anavyopenda.

"Umesaini, Mado?"

"Nimesaini."

"Mungu akulipe," Adrienne alisema, akampa sahani. Na Madeleine akala yote, kwa sababu angeacha hata tonge moja angeulizwa kwa nini.

Mpango wake ulikuwa rahisi kichwani mwake. Jina la Stéphanie litaondolewa kimya kimya, la Michée litapanda, na binti atapata kazi ya kufundisha mahali fulani. Nafasi tu. Nani amekufa kwa kukosa nafasi? Hakujua kwamba karani hafuti kitu bila kuonyesha sababu. Ijumaa orodha mpya ikabandikwa. Jina la kumi na mbili lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, na mbele yake kuliandikwa maneno mawili: wa kule. Na anwani ilikuwa pale pale, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Shituru, mtaa, nambari ya nyumba.

Vijana wa mikutano walikuwa wanajua kusoma. Serikali iliwafundisha vizuri.

Walikuja Jumatatu saa nne za asubuhi, jua likiwaka, kama ishirini hivi na fimbo na matofali. Msinidanganye kwamba walitoka mbali. Wawili kati yao walikuwa wamekula mezani kwa Adrienne. "Bilulu, mutoke!" walipiga kelele. Bilulu ni wadudu, ndugu zangu, wale wa kukanyaga. Ndivyo tulivyowaita watu tuliozika nao na kuozana nao. Walivunja mlango, wakatupa nje kitanda, masufuria, cherehani, picha ya harusi. Urbain alisimama katikati ya ua wake, akawa anasema tu, "Lakini minye ni Kabongo, minye ni Kabongo," kama vile jina lile lingeweza kumkinga tena.

Michée aliruka mawe akasimama mbele ya mlango uliovunjika. "Nani amewaambia ni batu ya kule? Nani?"

"Iko kwenye ubao, bwana mukubwa. Nenda usome, si umesoma?" Wakampiga ubavuni kwa fimbo, akaanguka.

Madeleine aliona yote kupitia tundu la pazia. Mkono wake ulikuwa mdomoni, na aliung'ata mpaka damu ikatoka. Hakutoka nje. Angetoka kusema nini?

Mchana familia ya Kabongo ikatembea kwenda gare, stesheni ya treni, na vile walivyoweza kubeba. Walikuta huko maelfu ya watu kama wao, kutoka kila mtaa, wamelala kati ya reli, chini ya mabehewa mabovu, chini ya magunia na mashuka, wanangoja treni ya kuwapeleka kwao ambako hawakukujua. Treni haikuja wiki hiyo. Haikuja mwezi huo. Mvua zikaanza. Maji ya kunywa na maji ya vyoo yakakutana, na kila asubuhi watu walizikwa, watoto hasa.

Stéphanie alikaa pale kama mtu aliyeajiriwa. Alitafuta chupa ya javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, akakumbuka mambo ya kurasa za nyuma za kitabu, akawa anapima matone kwa kila ndoo ya jirani. "Mungoje nusu saa mbele ya kunywa," aliwaambia akina mama, na waliokubali kungoja, wengi wao walipona. Michée alimsaidia kubeba ndoo kila siku. Chakula Madeleine alikipika, lakini kukipeleka alimtuma mwanawe. Alisema miguu inamuuma.

"Mama Mado haji kutuona?" Stéphanie aliuliza.

"Atakuja," Michée alisema. "Anaumia sana sababu yenu."

Na hilo pia lilikuwa kweli.

Mwezi wa kumi na moja barua ikafika kwa Michée. Alikuwa sasa wa kumi na mbili, nafasi ni yake. Madeleine alipiga magoti akashukuru kabla barua haijasomwa yote. Kumbe ilikuwa na aya ya pili. Tume, ilisema, imeona kwamba watu wengi wa kule wanajificha nyuma ya majina yanayofanana. Kwa hiyo kila kijana athibitishe asili ya babu na bibi. Na jina Kitenge, kwa taarifa ya tume, ni jina linalopatikana sana kule. Kijana alete ushahidi wa maandishi wa mtu aliyemjua mama mzazi wa marehemu baba yake, kabla ya wiki mbili.

Madeleine alikaa chini kwenye udongo. Mama wa Kitenge alikuwa mtu wa Mwadingusha, wa hapa kabisa, kila mtu alijua. Lakini kila mtu huyo alikuwa nani? Mama mwenyewe alikufa zamani, Madeleine hajaolewa bado, Kitenge alikufa, ndugu zake walitawanyika, wazee wa mtaa walirudi vijijini njaa ilipoanza. Madeleine alihesabu kwa vidole siku tatu, na kila mara alibaki na kidole kimoja kimesimama. Mtu mmoja tu katika Likasi nzima alikuwa amecheza utotoni na Kitenge, akala chungu kimoja naye, akamjua mama yake kwa sura na kwa jina. Urbain Kabongo.

Akaenda gare. Safari hii miguu haikuuma.

Aliwakuta chini ya behewa, nyuma ya kipande cha turubai. Urbain alikuwa amelala ubavu, ameisha, macho makubwa usoni. Tumbo lilikuwa limemshika siku nne. Adrienne alimsogezea Madeleine jiwe la kukalia. Stéphanie alimkumbatia.

"Mama Mado! Umekonda hivyo juu ya nini?"

Madeleine alieleza alichokuja kutaka. Alikieleza huku anaangalia chini, anaviringisha ncha ya kitenge. Urbain alisikiliza mpaka mwisho, halafu, amini usiamini, akacheka kidogo.

"Mama ya Kitenge? Yule mama alinichapaga na mwiko sababu ya mihogo yake. Kila juma! Alikuwa wa Mwadingusha, kabisa. Hata pahali mto Lufira unapinda, kwao ni pale. Nitasahau namna gani?" Akapumua. "Stéphanie, uandike. Mukono yangu haina nguvu. Michée lazima asome. Mumoja kati yao lazima asome."

Basi Stéphanie akatoa karatasi katika ile nusu ya kitabu, akaandika. Jina la kijana aliyechukua nafasi yake aliliandika kwa mwandiko mzuri, bila kukosea hata nukta. Urbain akashikwa mkono, akatia saini yake.

Madeleine alipoinuka kwenda, Adrienne alimfuata hatua chache.

"Mado," alisema polepole. "Siku ile ulisaini kweli?"

Madeleine aliikunja karatasi, akaificha ndani ya kitenge. Adrienne alimtazama, akaelewa.

"Uende na karatasi yako," akasema. "Mutoto hana kosa."

Ningekuwa mimi ningemrukia shingoni. Adrienne alirudi kukaa karibu na mumewe.

Asubuhi ya pili Madeleine na Michée walikwenda pamoja kwa karani. Placide alisoma karatasi mara mbili. Alisifu mwandiko. Kisha akafika kwenye saini, na uso wake ukabadilika.

"Shahidi ni Urbain Kabongo? Wa Shituru?"

"Ni yeye," Michée alijibu. "Alikua na papa yangu tangu utoto."

"Lakini huyu ni wa kule. Shahidi wa kule hafai." Placide alimgeukia Madeleine, na nawaambia hakuwa na ubaya sautini, alishangaa tu. "Mama, si weye mwenyewe ulitujulisha? Ulikaa kwenye kiti hiki hiki. Nilikuuliza Kabongo wa wapi, ukaniambia wa kule. Juu ya neno lako tulimufuta binti."

Michée hakumuuliza mama yake kama ni kweli. Alimtazama usoni mara moja, na ikatosha. Akachukua ile karatasi mezani, akaikunja taratibu, akaiweka mfuko wa shati. Placide akatoa bic nyekundu.

Madeleine alimfuata mwanawe njia nzima akimwita. "Michée! Michée, nilifanya juu yako! Mutoto yangu, juu yako weye!"

Alisimama mara moja tu. "Mama," alisema, "sikukuomba."

Urbain alikufa usiku wa kuamkia Alhamisi. Michée alichimba kaburi na wanaume wengine wawili, na wimbo ule mmoja wa mazishi aliokuwa anaujua Urbain, uliimbwa juu yake na watu wasiomfahamu. Jumamosi treni ikaja. Watu walipanda mpaka juu ya mapaa ya mabehewa, mizigo, wagonjwa, watoto wamefungwa kwa kamba wasianguke.

Madeleine alipata habari sokoni, akakimbia bila viatu. Alimkuta Michée amekwisha kupanda behewa la wazi, anampokea Adrienne mkono, Stéphanie nyuma yake na chupa ya javel kifuani. Kwenye kwapa la Michée kulikuwa na kurasa za mbele za kitabu cha kemia.

"Shuka!" Madeleine alilia, ameshika chuma cha behewa. "Weye ni wa hapa! Shuka, watakufa njiani hawa, weye ni wa hapa!"

"Hawa hawana mwanaume wa kubeba mizigo," Michée alimjibu. Hakupaza sauti. "Tena umesahau barua, mama? Kitenge ni jina la kule. Acha niende nikaone kwetu."

Madeleine alimgeukia Stéphanie. "Mwanangu, mwambie! Mwanangu!"

Stéphanie alimwangalia. Alijua yote sasa, Michée alikuwa amemwambia kaburini. Alifungua mdomo kumwita jina alilomwita tangu alipoanza kusema, nalo halikuja.

"Mama Michée," alisema mwisho, "urudi nyumbani. Utakanyagwa."

Treni ikaondoka.

Habari za wale watu watatu hazikufika tena Likasi. Wapo waliosema behewa lao lilifika salama. Wapo waliosema mengine. Mimi sijui, na Madeleine hajui, na ameuliza kila dereva wa treni kwa miaka mingi.

Na Prepa je? Haikuanza. Serikali haikutuma mwalimu, haikutuma hata chaki. Vijana kumi na mmoja waliobaki walingoja barua mpaka wakachoka, wakaenda kuuza mafuta na kuchimba mawe ya shaba kwa mikono. Ubao ulibaki pale mbele ya ofisi mpaka mchwa wakaula. Nafasi ya kumi na mbili hakuikalia mtu yeyote.

FUNZO LA KISA HIKI

Wazazi wenzangu, kumtakia mtoto wako mema si dhambi. Dhambi inaanza pale unapoona mema yake yamekaa kwenye kiti cha mtoto wa jirani, ukaenda kumsukuma. Madeleine hakushika fimbo, hakuvunja mlango. Alisema maneno machache tu ofisini, mchana, amevaa vizuri. Wenye fimbo walifanya yaliyobaki.

Na ninyi mnaopenda kuuliza "wa wapi?", mjue swali hilo likishafunguliwa halichagui mlango. Leo linaulizwa kwa Kabongo, wewe unacheka. Kesho litaulizwa kwa Kitenge, na atakayeweza kukuokoa ni yule uliyemfukuza jana. Utampata wapi? Utamwandikia barua kwa anwani gani?

Madeleine bado yuko Shituru. Amezeeka. Ukipita asubuhi utamkuta anafagia nyua zote mbili, ingawa ule wa pili una wapangaji wengine sasa ambao hawamjui vizuri. Mawe ya marehemu Kitenge ameyaondoa yote, moja moja. Wapangaji wakimuuliza kwa nini anafagia na kwao, anawajibu hajui uwanja wake unaishia wapi.